Kompyuta Iliyochoka Kila Baada ya Chai

Kwanza naomba mnisamehe mwandiko. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika bisibisi zaidi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande, na huenda nikakosea kuandika jina la kifaa ambacho nimekifungua maisha yangu yote bila kuulizwa kinaandikwaje. Vijana wa kanisa letu wanaotengeneza kompyuta mjini waliniomba niwaeleze jinsi kazi hii ilivyofanywa zamani. Kusimama mbele yao nilishindwa, maana hata sasa, na mvi zangu zote, naona haya watu wakinitazama. Basi naandika, polepole, na atakayesoma asome polepole pia.

Nilianza kazi Kitui mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika karakana ya mashine za ofisi iliyokuwa nyuma ya soko. Kompyuta hatukuwa tumeziona. Kulikuwa na taipureta, mashine za stensili za kuchapia karatasi nyingi, na zile za kujumlisha hesabu zenye mpini wa kuvuta pembeni. Fundi Mkuu alikuwa mzee Mwislamu ambaye watu wake walitoka pwani wakaja kufanya biashara Kitui. Kiswahili chake kilinitisha. Sisi tulikisema kama kitu cha kuazima, na yeye alikisema kama mtu anayekunywa maji. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikashindwa hata kubisha hodi.

Akaniangalia juu ya miwani. "Kijana, umekuja kazini au umekuja kuposa? Maana wanaokuja kuposa ndio husimama hivyo."

Mafundi wakacheka. Mimi nilitamani kurudi nyumbani. Lakini Fundi Mkuu akanivuta kwa mkono, akanikalisha mbele ya taipureta mbili za aina moja, moja nzima na nyingine mgonjwa, akaniambia nifumbe macho nisikilize huku yeye akizipiga. Wiki nzima ikapita hivyo, bila bisibisi. Nilifikiri ananidharau. Nilipouliza, kwa sauti ambayo karibu hakuisikia, alinijibu neno ambalo nimetembea nalo mpaka leo.

"Usifungue kitu kabla hujajua kinavyolia kikiwa kizima. Ukishakifungua umekinyamazisha, na hapo utakiuliza nini?"

Baada ya miaka michache nilitumwa Kyuso, kutunza mashine za ofisi za tarafa. Huko nilikuwa chini ya Karani Mkuu, mtu mrefu mwenye suti moja safi sana, aliyependa kusimama nyuma yangu nikifanya kazi. Kila mashine ya ofisi ina springi ndogo kama unywele uliojikunja, na ikiruka ikaanguka mchangani huioni tena. Kwa sababu ya hofu hiyo nilijizoesha kutandika shuka jeupe sakafuni kabla ya kufungua chochote. Karani Mkuu alikuwa akisema, "Ukipoteza kitu hapo, barua za tarafa nzima zimelala." Siku moja taipureta yake ilikwama herufi zote za upande wa kushoto. Nilipoigeuza ikatoka punje ya ndengu. Niliiweka mezani. Karani Mkuu akaitazama, akatia mkono mfukoni, nikasikia ndengu nyingine zikigongana, akasema kwa heshima zake zote, "Hiyo si yangu."

Kisha nikahamishiwa Makindu. Hapo kulikuwa na kazi nyingi, kwa sababu ya barabara ya Mombasa na reli, na wafanyabiashara waliotaka kila kitu kitengenezwe kabla gari halijaondoka. Meneja wa Tawi hakuwa mtu wa maneno. Alipitisha kitambaa cheupe juu ya kazi yako, akakitazama, akaenda zake. Vumbi la Makindu ni jekundu na laini kama unga, linaingia hata mahali hewa haiingii. Huko ndiko nilikojifunza kutia mafuta kidogo, tone la ncha ya sindano, kwa sababu mafuta mengi hushika vumbi na kulifanya matope. Haya nayataja kwa sababu yatanifaa mbele.

Katika miaka ya tisini, nikiwa nimerudishwa karakana ya Kitui, taipureta zilianza kupungua. Zilikuja, zikakaa, wenyewe hawakuzirudia. Nikaanza kukosa usingizi. Nilikuwa na watoto shuleni, na kazi niliyoijua ilikuwa inazeeka kabla yangu. Fundi Mkuu alikuwa amestaafu, na mahali pake akaletwa mama mmoja kijana aliyesomea mashine hizi mpya Nairobi. Tulimwita Madam Meneja. Alitukusanya sisi mafundi wazee, akatukalisha kwenye benchi kama watoto wa darasa la kwanza, akafungua kisanduku cha kompyuta mbele yetu. Hakutucheka hata mara moja. Hilo namshukuru.

Alitueleza hivi. Ndani kuna diski, nayo ni ghala, kila kitu kimewekwa humo hata umeme ukizimwa. Halafu kuna kumbukumbu ya muda, nayo ni meza. Unachofanyia kazi sasa hivi kinatolewa ghalani kinawekwa mezani. Meza ikiwa ndogo, mashine inakuwa mtu wa kuinuka kila mara kwenda ghalani na kurudi, na hapo ndipo watu husema kompyuta imekuwa nzito. Ghala nalo likijazwa ovyo, jalada moja hugawanywa vipande, kipande kimoja kule na kingine huku, na kuvikusanya kunachukua muda.

Dawa zake zilikuwa chache na tulizikariri. Kunakili kazi ya mwenyewe kwenye disketi kabla ya kugusa kitu. Kuangalia kama kuna virusi vilivyoletwa na disketi za kuazimana. Kufuta mabaki ambayo programu huacha nyuma. Kuzuia programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi bila kuitwa. Kuangalia kitufe cha mbio kilichokuwa mbele ya kompyuta nyingi za wakati huo, maana wenyewe walikuwa wakikizima ili kuipumzisha mashine, kama mtu anavyopunguza mafuta kwa injini ya kusaga. Mwisho ni kuipanga diski upya. Hii ndiyo iliyonitisha, kwa sababu Madam Meneja alisema mashine ikiwa katikati ya kupanga, usiizime, na umeme usikatike, la sivyo unaweza kupoteza ghala zima. Nilitazama nyaya za umeme dirishani, zilivyokuwa zikicheza na upepo.

Siku moja akaniita. Kulikuwa na kompyuta ya nyumbani huko Kalamba, imekuwa nzito mno, na fundi mwingine hayupo. Nilimwomba tuende wote. Akasema, "Mzee wangu, mimi nikija utanitazama mimi badala ya kuitazama mashine. Nenda." Huyo mtoto aliniita mzee na mimi nilikuwa sijafika hamsini.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kanisa, ambaye Kalamba yote ilimwita Mwalimu. Kompyuta aliinunua kwa watu wa mradi wa maji walipokuwa wakifunga ofisi yao. Aliyeitumia ni binti yake, Mwende. Mwende alipooza mguu utotoni, akatembea kwa gongo, na mashambani hakuweza kufanya mengi. Lakini vidole vyake vilikuwa na mbio. Shule za karibu zilimletea mitihani ya mwisho wa muhula aichape, makanisa yakamletea ratiba za harusi na mazishi. Alikuwa na kazi yake, ndani ya nyumba yao, na watu walimjia na kumngoja.

Alinieleza haya yote huku akinisogezea kiti. Kisha akaeleza shida. Kwa majuma kadhaa mashine imekuwa ikimchelewesha, na walimu wawili walikuwa wameshachukua mitihani yao wakaipeleka mjini Wote. Kaka yake, Kioko, alikuwa na duka Machakos na alitaka hiyo kompyuta. Mwalimu alikuwa ameamua. Kioko angekuja na pikapu alasiri hiyo hiyo. Kama kompyuta haitakuwa imepona, ataondoka nayo.

"Asubuhi inatembea vizuri," Mwende aliniambia. "Baada ya chai ya saa nne inaanza kuchechemea kama mimi. Saa sita inakaa chini kabisa."

Sikujua kama nicheke. Akaona nimechanganyikiwa, akacheka yeye kwa niaba yangu.

Mama yao ndiye aliyeifunua. Nasema kuifunua kwa sababu sebule ile ilikuwa imevikwa. Viti, redio, meza, kabati la vyombo, vyote vilifunikwa vitambaa vya kroshia alivyofuma mwenyewe, vyeupe na vya waridi. Vile vya kompyuta ndivyo vilikuwa bora kuliko vyote. Vilikuwa na mawimbi pembeni yaliyosimama wima kama ua, kwa sababu alivichovya kwenye maji mazito ya sukari akavianika juani mpaka vikakauka. Nyumba nyingi kwetu zilifanya hivyo. Alikitoa kile cha skrini, akakitoa kile kikubwa cha kisanduku kilichoshuka mpaka nyuma, akavikunja kwa mikono miwili, akaviweka kando kama mtu anayeshika nguo ya mtoto mchanga.

Nilianza kazi. Tulinakili mitihani yote kwenye disketi. Virusi havikuwepo. Kitufe cha mbio kilikuwa sawa. Nilifuta mabaki, na yalikuwa mengi. Programu zilizojiwasha zenyewe nikazinyamazisha. Mashine ikawa nyepesi kidogo, lakini ilikuwa bado asubuhi, na Mwende alikuwa ameniambia asubuhi haina habari. Ikabaki kuipanga diski. Nilimwomba Mwalimu wasitumie pasi wala chochote kikubwa cha umeme. Akaketi nyuma yangu, mikono juu ya fimbo, kama Karani Mkuu wa Kyuso amefufuka. Nikabonyeza.

Skrini ilijaa vijisanduku vidogo vya rangi, kimoja kikisogea baada ya kingine. Mnaotumia mashine za sasa hamjaviona, nasikitika kwa ajili yenu na pia nawafurahia. Mtu angeweza kuvikodolea macho siku nzima akitafuta baraka ndani yake.

Chai ikaja, na pamoja nayo muthokoi, ile ya mahindi yaliyokobolewa na kunde, kwa sababu mama alisema fundi aliyetoka mbali hali mkate. Nilitaka kubaki na mashine. Lakini huwezi kumkatalia mama chakula nyumbani kwake, na meza ilikuwa chumba cha pili. Mwalimu aliomba kwa muda mrefu. Aliiombea mvua, akamwombea mgeni, akaiombea kompyuta kwa jina la kompyuta. Nilikula nikisikiliza kwa sikio moja.

Niliporudi sebuleni, kompyuta ilikuwa imevikwa tena. Mama alikuwa amepita na kuona imeachwa wazi, na wageni wa kanisa wangeweza kuingia wakati wowote. Skrini alikuwa ameiachia uso tu. Vijisanduku vilikuwa vimesimama. Nilivitazama kwa muda ambao ulionekana kwangu mrefu sana, na hakuna kilichosogea.

"Imekaa chini," Mwende alisema nyuma yangu, polepole. Sasa hakucheka.

Nilijua siwezi kuizima. Nilijua pia kwamba siwezi kuiacha. Hapo, sijui kwa nini, nikafumba macho. Nikasikia diski ndani, inakwaruza, inanyamaza, inakwaruza mahali pale pale, kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko mmoja mara kumi. Na nikasikia kitu ambacho hakikuwepo. Kila kompyuta ina feni nyuma, na feni huvuma. Karakanani zilivuma zote mpaka ukazisahau. Hii haikuvuma.

Niliweka mkono juu ya kitambaa. Kilikuwa moto kama kikaango. Nilipokiinua, pindoni pake wakatoka sisimizi, mmoja, halafu msururu, wanashuka kwenye mawimbi ya sukari na kuingia kwenye matundu ya nyuma.

Diski ikipata joto hushindwa kusoma mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Inarudia. Inarudia tena. Huo ndio uzito wa baada ya chai. Asubuhi ilikuwa imelala usiku kucha ikiwa baridi, ndiyo maana ilitembea.

Nilimwomba Mwende ungo. Hakuuliza. Alimwita mama, mama akaja na ungo wake wa kupepetea, na nikaanza kuipepea kompyuta kama jiko la makaa. Mkono wangu ulipochoka mama akauchukua ungo. Alikuwa akipepea vizuri kuliko mimi, kwa mapigo marefu, midomo yake ikisogea bila sauti, nafikiri alikuwa akiomba. Mwalimu alisimama. Kijisanduku kimoja kikasogea. Kikasogea kingine.

Kilipomalizika cha mwisho, niliizima, nikachomoa waya, nikaiacha ipoe, nikatandika shuka langu jeupe chini, nikafungua. Feni ilikuwa imeshikana, sisimizi waliokufa, nyuzi za kroshia, na lile vumbi jekundu, vyote vimegandishwa na sukari iliyoyeyuka. Niliisafisha kwa brashi niliyosafishia herufi za taipureta. Nikaitia tone moja la ncha ya sindano.

Lakini kazi kubwa ilikuwa bado. Nje tulisikia pikapu ya Kioko ikigeuka. Ilinibidi niseme chanzo, kwa sababu nisiposema, sisimizi wangerudi, na baada ya mwezi Kioko angerudi pia. Na kusema mbele ya mume na mwanawe kwamba kilichoangusha mashine ni mikono ya mama mwenyewe, mapambo yake, usafi wake, hilo nililiona baya kuliko kupoteza diski. Nilimfuata mama mpaka mlango wa jikoni. Nilisema kwa Kikamba, kwa sababu Kiswahili kilinikimbia.

"Mwaitu," nilimwita, kama tunavyomwita mama. "Mashine hii inapumulia mgongoni. Na sukari inawaita sisimizi."

Alikuwa ameshika kile kitambaa kikubwa. Akakigeuza, akamwona sisimizi mmoja, akamfuta kwa kidole.

"Kwa hiyo ni mimi nimekuwa nikimziba pumzi mtoto wangu," alisema.

Nilitaka kumwambia hapana. Badala yake nikamwambia kwamba ikiwa imezimwa na imepoa anaweza kuifunika, ila kwa kitambaa kisicho na sukari, na mgongo wake ubaki wazi. Akaniuliza kitambaa kisicho na sukari kitasimamaje. Nikamwambia hakitasimama, kitalala. Akaenda kwenye beseni, akakitumbukiza ndani ya maji, na yale mawimbi yote yakalegea.

Kioko aliingia akipiga makofi ya kuwasalimu, na kamba za kufungia mzigo begani. Mwalimu alimwambia Mwende aketi achape mbele ya wote, tena si mara moja, bali wakae mpaka wanywe chai nyingine, kwa sababu saa ya ugonjwa inajulikana. Tulikaa. Nilihesabu maua ya kitambaa cha kiti ili nisitazame skrini. Mwende alichapa mtihani wa Sayansi wote, nikasikia feni ikivuma chini ya vidole vyake, chai ikaletwa, ikanywewa, na akaendelea kuchapa.

"Inatembea," Mwende alisema. "Inaniacha nyuma."

Mwalimu akamgeukia mwanawe. "Basi fungua kamba zako."

"Nimetoka Machakos, Baba. Nirudi na nini?"

Mama alikuwa ameingia kutoka jikoni. Alizunguka sebule, akakusanya vile vitambaa vyote vilivyosimama kama maua, vya redio, vya kabati, vya viti, akamjaza Kioko mikononi. "Peleka dukani kwako," alisema. "Wewe huna kompyuta. Sisimizi hawatakudhuru."

Hata Mwalimu alicheka, na nilicheka mimi, mbele ya watu.

Baada ya hapo niliendelea na kazi, nikatengeneza kompyuta za watu wengi, nyingine mpya kuliko watoto wangu. Nilistaafu kwa amani. Siku ya kuniaga, ratiba ya ibada ilichapwa Kalamba, kwa Mwende. Ile mashine ilikuwa imebadilishwa, lakini meza ilikuwa ile ile, na kando yake kulikuwa na kitambaa cheupe kilicholala, kimekunjwa, kinangoja ipoe.

Watu hufikiri fundi mzee hana wasiwasi. Mimi ninao mpaka leo. Mjukuu wangu akiniletea kifaa chake kilichochelewa, kidogo kuliko kiganja, kabla ya kukigusa moyo unanidunda kama siku ile mlangoni kwa Fundi Mkuu. Ninyi sasa mnaongeza kumbukumbu, mnabadilisha diski, mnafuta kila kitu na kuanza upya, na mara nyingi mnafanya vyema. Ila nawaomba, kabla ya yote, wekeni mkono juu yake, na mkae kimya kidogo. Halafu mwangalie ni nani anayeipenda sana hiyo mashine, na anaipenda vipi. Mkimwona, semeni naye taratibu.

Mkono umechoka na karatasi imekwisha. Tafadhali niandikieni kupitia kanisani, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yangu. Nirekebisheni majina ya vifaa niliyokosea. Niambieni mashine zenu zinachoka saa ngapi. Na mniambie kama mama zenu bado wanazifunika, na mliwaambiaje.